Maghribi Haimo Kitabuni

Kitabu tulikinunua nyuma ya Posta, kwa Msuko,
shilingi mia mbili, jalada limeliwa na chumvi:
Norwe, chapa ya tano,
na ramani iliyokunjwa vibaya
na mtu aliyetutangulia,
aliyefika, au aliyekata tamaa.

Miaka thelathini na moja nimeinua makontena Kilindini.
Kule juu ya kreni nilisoma, ubavuni mwa bati,
majina ya bandari za watu.
Sanduku lilikwenda kote. Mimi nilishuka ngazi
nikarudi zangu Kibokoni kwa miguu.
Sasa nimestaafu, na Mwanakombo kasema:
"Hicho kiinua mgongo kisije kikaishia kwenye mabati.
Na mimi nitoe."

Basi kila baada ya isha mimi hufasiri, yeye huchambua mchicha.
Kitabu chasema: chukua koti la pili.
"La kwanza liko wapi?"
Kitabu chataja bei ya kikombe cha kahawa.
Nikapiga hesabu, nikairudia,
nikidhani nukta nimeiweka pabaya.
"Kwa pesa hiyo," asema, "muuza kahawa wa Mkanyageni
angetufuata na dele lake mpaka huko,
na kashata juu."

Kitabu chasema: mwezi wa sita, kule juu Tromso,
jua halitui. Huzunguka ukingoni
kama mgeni aliyekwisha kuaga
na bado kashika kitasa.

Hapo akauacha mchicha.
"Halitui?"
"Halitui."
"Na maghribi huswaliwa saa ngapi?"

Nikaenda kwenye faharasa, herufi ya M.
Makumbusho. Mapesa. Mbu.
Mbu wamo, hata huko!
Maghribi haimo.

"Kamuazime Msuko chao cha hapa kwetu," akasema,
"tuwapime kwa tunachokijua."

Nikakileta. Mombasa ina kurasa nne,
mtaa wetu mistari sita,
na mlango wetu umo, wallahi umo:
wa nakshi, wafaa kupigwa picha asubuhi.
Hakimo kipande cha chini nilichokiunga
kwa mbao ya Kongowea, mchwa walipomaliza cha babu.
Halimo komeo, ambalo lataka kuinuliwa kidogo
kwa goti, ndipo lifunguke.
Na mahamri wanayoyasifu pale pembeni,
"fika mapema, muulize Fumo":
Fumo tulimzika mwaka juzi, mvua ikinyesha,
kaburi likijaa maji kuliko tulivyoyateka.
Kitabuni angali anachoma.

Mwanakombo alinyamaza kitambo.
"Basi na huko," akasema, "wana Fumo wao."

Asubuhi yake kijana mmoja, mkoba mgongoni,
alisimama barazani petu na kitabu.
Akatazama ukurasa, akatazama nakshi,
akarudi ukurasani, kama karani wa forodha
anayelinganisha hati na mzigo.
Mwanakombo alikuwa dirishani, juu yake tu.
Akangoja salamu.
Picha ikapigwa. Kijana akapinda kona.

"Tukifika huko," akaniambia,
"kwenye mlango wa mtu kitabu ukifunge,
ukitie kwapani, upige hodi."
"Kwa lugha gani?"
"Iulize faharasa."

Jana tumelipia pasipoti.
Yule karani aliuliza twaenda kufanya nini;
nikasema kutembea, akarudia, "Kutembea tu?"
kana kwamba kuna kosa nimekiri.

Leo nimekifungua kitabu kutafuta habari za treni,
nikakuta pembeni mwa ukurasa wa Tromso
mwandiko wa penseli, kwa herufi za Kiarabu,
ndizo alizosomeshwa chuoni:

Maghribi, aulizwe mwenyeji.
Bizari isisahauliwe.
Na koti la kwanza.